Je, kaka yangu atasikilizwa Richmond? Jibu kuhusu Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Nne ya Marekani

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Maryland. Kaka yangu aliomba hifadhi ya ukimbizi, jaji wa uhamiaji wa Baltimore akamkatalia, na wiki iliyopita Bodi ya Rufaa za Uhamiaji nayo imeitupa rufaa yake. Wakili anasema sasa tunakwenda mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Richmond, Virginia. Kwa nini Richmond, na si Mahakama ya Juu ya Washington? Je, kaka atasimama mbele ya majaji hao ajieleze, maana kule chini naona hakueleweka? Na binamu yetu aliyeko Houston alikataliwa kwa hoja ambayo wakili wetu anasema huku ina nguvu. Sheria ya shirikisho si moja?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na poleni kwa mzigo mlioubeba. Kabla sijagusa hata swali moja, kuna jambo la tarehe ambalo halingoji. Sheria inatoa siku 30 za kupeleka ombi la mapitio katika mahakama ya rufaa, na siku hizo huhesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi wa Bodi, si tangu siku bahasha ilipofika nyumbani kwenu. Wiki moja imekwisha kupita. Tena, kufungua ombi hilo peke yake hakumzuii kaka yako kuondoshwa nchini. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 1996, amri ya kusimamisha uondoshaji ni lazima iombwe kwa maombi yake yenyewe, na majaji huyapima kwa mambo manne: kama mwombaji ameonyesha kwa uzito kwamba huenda akashinda, kama ataumia kwa namna isiyorekebishika, kama kuna wengine watakaoumizwa na amri hiyo, na maslahi ya umma yako upande gani. Kipimo hiki kilithibitishwa na Mahakama ya Juu mwezi Aprili 2009 katika shauri la raia wa Kameruni, na shauri hilo lilitoka mahakama hiyohiyo ya Richmond, ambayo hadi wakati huo ilikuwa ikiwatwika waombaji kipimo kigumu zaidi. Kwa hiyo mpigie wakili leo, umuulize kama ombi la mapitio na ombi la zuio vinapelekwa pamoja.

Sasa tuje kwenye maswali yako. Kwa sisi tuliokulia Tanzania, maneno "Mahakama ya Rufani" yana mtego, kwa sababu kwetu mahakama hiyo ndiyo kilele: wanachosema majaji wa rufani kinamfunga hakimu wa Kigoma sawasawa na hakimu wa Mtwara, na juu yake hakuna mahakama nyingine nchini. Marekani mahakama ya rufaa ya shirikisho iko ngazi ya kati. Chini yake ziko mahakama za wilaya za shirikisho, ambako mashahidi husikilizwa, na juu yake iko Mahakama ya Juu yenye majaji tisa. Mahakama hizo za rufaa ziko 13. Kumi na moja zimepewa namba na kila moja ina majimbo yake, ya kumi na mbili ni ya Wilaya ya Columbia, yaani jiji la Washington, na ya kumi na tatu hushughulikia mambo maalumu kama hataza, yaani haki za uvumbuzi, kwa nchi nzima. Mahakama ya Kanda ya Nne ndiyo iliyoko Richmond, na eneo lake ni Maryland, Virginia, West Virginia, North Carolina na South Carolina.

Kinachoamua kanda katika mashauri ya uhamiaji ni mahali jaji wa uhamiaji alipomalizia kusikiliza shauri. Bodi yenyewe ina ofisi zake Falls Church, Virginia, lakini sheria haitazami huko, la sivyo mashauri yote ya nchi yangemiminika Richmond. Shauri la kaka yako lilimalizikia Baltimore, Baltimore iko Maryland, na Maryland iko Kanda ya Nne. La binamu yako lilimalizikia Houston, kwa hiyo mahakama yake ni ya Kanda ya Tano, iliyoko New Orleans, inayohudumia Texas, Louisiana na Mississippi. Shikilia tofauti hiyo, kwa kuwa tutairudia.

Kuhusu Mahakama ya Juu, jibu liko katika historia. Zamani majaji wa Mahakama ya Juu walilazimika wenyewe kusafiri majimboni kusikiliza mashauri, huku mafaili ya rufaa yakirundikana Washington. Mwaka 1891 Bunge la Marekani liliunda mahakama za rufaa za kanda ili zibebe mzigo huo, na tangu hapo mzigo haujapungua. Leo rufaa takriban 40,000 hufunguliwa kwa mwaka katika mahakama hizi, ilhali Mahakama ya Juu huchagua yenyewe cha kusikiliza, na kati ya maelfu ya maombi yanayoifikia kila mwaka husikiliza kama 60 hivi kwa hoja za mdomo. Kwa maneno mengine, kwa karibu kila mtu anayefika Richmond, hakuna mlango mwingine utakaofunguka baada ya ule.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi, na mimi naona ndilo linaloipa hatua hii uzito wake. Jaji wa uhamiaji wa Baltimore, pamoja na cheo chake, ni mtumishi wa Wizara ya Sheria, na Bodi nayo imo ndani ya wizara hiyohiyo. Majaji wa Richmond huteuliwa na rais, huthibitishwa na Seneti, na hukaa kitini maisha yao yote maadamu wana mwenendo mwema; hakuna waziri anayeweza kuwahamisha au kuwaachisha kazi. Kwa kaka yako, basi, hii ndiyo mara ya kwanza jambo lake kutazamwa na mahakama iliyo nje ya mikono ya wizara iliyomkatalia.

Je, atasimama na kujieleza? Hapana, dada yangu, na nakuomba umwandae kwa hilo mapema, maana nimewaona watu waliosafiri usiku kucha wakitumaini kusema neno moja wakarudi hawakulisema. Mahakama ya rufaa haisikilizi mashahidi, haipokei barua mpya kutoka kijijini, haitazami picha ambazo hazikuwa katika faili. Kilicho mbele ya majaji ni mwenendo wa shauri: kila neno lililonakiliwa pale Baltimore, kila kielelezo kilichopokelewa, uamuzi wa jaji na uamuzi wa Bodi, vyote vikiwa vimefungwa pamoja na kuletwa na serikali. Juu yake huja hoja za maandishi za pande mbili, na hoja kuu za kila upande zisizidi maneno 13,000 kwa kanuni za kawaida za rufaa. Mashauri yaliyo mengi huamuliwa kwa karatasi hizo tu, bila mtu yeyote kupanda jukwaani.

Yale machache yanayopangiwa kusikilizwa husikilizwa katika jengo la mawe lililokamilika mwaka 1858, ambalo liliponea chupuchupu moto ulioteketeza katikati ya Richmond mwaka 1865. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Jefferson Davis, rais wa majimbo yaliyojitenga ili kulinda utumwa, alikuwa na ofisi yake humo. Vita vilipokwisha, aliletwa humohumo kwa shauri la uhaini. Nilipoketi kwenye viti vya wageni kwa mara ya kwanza, kilichonishika macho ni mambo madogo. Wakili hajui ni majaji gani watatu watakaomsikiliza mpaka asubuhi ya siku yenyewe, kwani kati ya majaji 15 wa kudumu wa mahakama hii, na wastaafu wanaoendelea kusaidia, jopo hupangwa na majina yake hufichwa hadi wakati huo. Kila upande kwa kawaida hupewa dakika 20. Mbele ya wakili kuna taa ndogo, ya kijani, ya njano na nyekundu, na mara nyingi hamalizi sentensi ya pili kabla jaji hajamkatiza kwa swali. Maswali hayo ndiyo usikilizaji wenyewe. Hotuba haina nafasi pale. Muda ukiisha, majaji wote watatu hushuka kutoka kitini kwao, wakazunguka mbele, wakawapa mawakili wa pande zote mkono mmoja mmoja. Ni desturi ya muda mrefu ya mahakama hii, na mtu aliyelelewa kuheshimu wazee wa baraza anaielewa mara moja: ubishi umekwisha, heshima imebaki.

Hata hivyo usidhani kwamba kwa kuwa majaji hawa ni huru, watapima upya kila kitu. Hapa ndipo rufaa nyingi hufia. Kwa mambo ya ukweli, yaani nini kilitokea, nani alimpiga nani, lini na wapi, sheria ya uhamiaji inasema kwamba matokeo ya uchunguzi wa chini ni ya mwisho isipokuwa kama mtu yeyote mwenye busara angelazimika kuona vinginevyo. Zingatia neno "angelazimika". Haitoshi kwamba majaji wa Richmond wangeweza kumwamini kaka yako. Inabidi iwe haiwezekani kwa mtu wa akili timamu kutomwamini. Kwa hiyo kama jaji wa Baltimore alisema simulizi lake lina mkanganyiko wa tarehe na akaonyesha mkanganyiko huo kwa kurasa, mlima ni mrefu.

Kwa mambo ya sheria hali ni nyingine kabisa. Neno la sheria lina maana gani, kipimo gani kilipaswa kutumika, ushahidi muhimu ulitazamwa au uliachwa kando: haya majaji huyaangalia kwa macho yao wenyewe bila kuiinamia Bodi. Zamani waliinama kidogo, maana tangu mwaka 1984 mahakama zilitakiwa kukubali tafsiri ya wakala wa serikali pale sheria inapokuwa na utata, ilimradi tafsiri hiyo iwe ya busara. Mwezi Juni 2024 Mahakama ya Juu ilifuta kanuni hiyo, na ikasema kazi ya kutafsiri sheria ni ya majaji. Athari zake bado zinaendelea kujitokeza shauri kwa shauri, ila wakili yeyote anayeandika hoja leo ni lazima aanze na mabadiliko hayo.

Wakati mwingine hata ukuta wa mambo ya ukweli hubomoka. Mwaka 2013 bunge la jimbo la North Carolina lilipitisha sheria iliyopunguza siku za kupiga kura mapema, kuondoa uandikishaji wa siku hiyohiyo na kudai vitambulisho vya aina fulani. Jaji wa wilaya alisikiliza shauri kwa wiki kadhaa, akaandika uamuzi wa mamia ya kurasa, akasema hakuona nia ya ubaguzi. Tarehe 29 Julai 2016, jopo la Richmond lilitengua. Halikusema jaji alikosea kuhesabu. Lilisema alitazama kila kipande peke yake, akapoteza picha nzima: wabunge waliomba takwimu za namna watu wa kila rangi wanavyopiga kura, kisha wakabana zile njia zilizotumiwa zaidi na Wamarekani weusi, kwa usahihi ambao mahakama iliufananisha na kisu cha daktari wa upasuaji. Mwezi Mei 2017 Mahakama ya Juu ilikataa kulichukua shauri hilo, na neno la Richmond likabaki kuwa la mwisho.

Kosa hilohilo, la kutazama vipande na kupoteza kizima, ndilo lililokuwa kiini cha shauri ambalo kila Mswahili mwenye ndugu katika Kanda ya Nne anapaswa kulijua. Liliamuliwa tarehe 16 Januari 2014, na ndani yake kuna neno letu la Kiswahili.

Mtanzania mmoja mwenye ugonjwa mkali wa akili, ule unaomfanya mtu apande furaha kupita kiasi kisha ashuke kwenye giza, aliomba hifadhi. Alieleza kwamba nyumbani wauguzi walimfunga mikono na miguu na kumpiga, na kwamba baadaye gerezani askari walimtendea vivyo hivyo huku wakimwambia wazi kuwa hivi ndivyo wanavyotendewa watu wagonjwa wa akili kama yeye. Waliomzunguka walimwita mwendawazimu. Jaji wa uhamiaji alimwamini. Kilichomwangusha ni sheria. Mtu hapati hifadhi kwa kuteswa tu. Ni lazima mateso yatokane na dini yake, rangi yake, taifa lake, msimamo wake wa kisiasa, au kuwa kwake katika kundi mahususi la kijamii. Yeye alitegemea hilo la mwisho, akisema kundi lake ni watu wenye ugonjwa huo ambao tabia zao huonekana kuwa za ajabu mbele ya watu. Bodi ikajibu kwamba kundi hilo halionekani katika jamii, na tena halina mipaka: ugonjwa una viwango vingi, na tabia za ajabu ni neno pana mno.

Jopo la Richmond, likiongozwa kwa kalamu na Jaji Roger Gregory, lilitengua uamuzi huo, huku jaji mmoja kati ya watatu akipinga. Kuhusu mipaka, lilisema Bodi ilichukua sehemu moja ya maelezo ikaiona pana, ikachukua ya pili ikaiona pana, bila kuuliza kama zikiunganishwa zinachora kundi linalojulikana. Si kila mwenye ugonjwa ule ana tabia za kushangaza watu, na si kila mwenye tabia za kushangaza ana ugonjwa ule. Aliye na vyote viwili anatambulika. Na kuhusu kutambulika katika jamii, mahakama iliunganisha mateso yale na jina lile. Watu wenye lugha moja wakiwa na neno lao kwa watu wa namna fulani, na neno hilo likienda sambamba na kamba na fimbo, Bodi itasemaje kwamba jamii hiyo haiwaoni kuwa kundi?

Hapa nisimame kidogo, maana lugha ni kazi yangu pia. Katika uamuzi ule, neno mwendawazimu limefasiriwa kuwa ni mtu aliyepagawa na pepo. Wewe na mimi tunajua kwamba mwendawazimu ni mtu aliyerukwa na akili, na pepo ni habari nyingine, ingawa wako wanaoamini kuwa moja huleta lingine. Majaji hawakuitunga tafsiri hiyo. Waliikuta katika mwenendo wa shauri, na kilichomo katika mwenendo ndicho walichonacho. Safari hii maelezo hayo yaliusaidia upande wa mwombaji. Kesho neno lililofasiriwa vibaya na mkalimani litamwangusha mtu mwingine, na hapo Richmond hakuna jaji atakayefungua kamusi ya Kiswahili kumwokoa. Unaposema kwamba kaka yako hakueleweka kule chini, swali la kwanza la kisheria ni hili: je, kasoro za ukalimani zililalamikiwa mbele ya Bodi? Kwa kawaida hoja ambayo haikupelekwa kwa Bodi, mahakama haiigusi.

Tuje Houston. Sheria ya hifadhi ni moja, imeandikwa na Bunge moja, na maneno "kundi mahususi la kijamii" yanasomeka sawasawa Texas na Maryland. Lakini Bunge halikuyafafanua, na palipo kimya, mahakama za kanda ndizo huyapa maneno mwili. Kigezo hicho cha kuonekana katika jamii kilipoanza kudaiwa na Bodi, kanda zilikipokea kila moja kwa namna yake. Mwaka 2009 Mahakama ya Kanda ya Saba ya Chicago ilikuwa na shauri la Mkenya aliyejiunga na Mungiki, kundi haramu la huko Kenya, kisha akaasi, na kundi likamwandama yeye na familia yake. Bodi ilisema waasi wa Mungiki hawaonekani katika jamii. Jaji Richard Posner aliuliza jambo ambalo bibi yangu angeliuliza: mtu anayewindwa auawe si atajificha? Utamdaije aonekane ndipo umwokoe? Kanda ya Saba ikakikataa kigezo chenyewe. Kanda ya Tano ikaenda njia nyingine, na mwaka 2012, katika shauri la vijana wawili ndugu wa El Salvador waliokimbia genge, ikavikubali vigezo vya Bodi na kuvitumia dhidi yao. Binamu yako yuko chini ya mkondo huo.

Kukinzana huku si ajali, wala si kwa sababu majaji wa New Orleans ni wakatili na wa Richmond ni wapole. Wako waombaji wengi walioshindwa Richmond. Kukinzana kumejengwa ndani ya mfumo. Uamuzi wa Chicago unaweza kusomwa na majaji wa Richmond, wakaupenda au wasiupende, lakini hauwafungi. Ndani ya kanda, kinyume chake, uamuzi unafunga kwelikweli. Jopo moja la majaji watatu likiisha kuamua na uamuzi ukachapishwa rasmi, majopo mengine yote ya kanda hiyo yatafuata, hata wale majaji ambao wangeamua vingine, pamoja na mahakama za wilaya na majaji wa uhamiaji wa majimbo matano. Anayetaka kuugeuza ana njia mbili tu: Mahakama ya Juu, au majaji wa kudumu wa kanda kukaa wote pamoja kama jopo kamili, jambo ambalo ni lazima wengi wao walipigie kura na ambalo hutokea kwa nadra. Mwombaji mmoja aliyefungwa kamba miaka mingi iliyopita ameibadilisha sheria kwa kila mgonjwa wa akili atakayefika Baltimore au Charlotte, hata kama hatajua jina lake.

Mahakama za kanda huisukuma hata Bodi yenyewe. Baada ya Chicago kukikataa kigezo kile, na Mahakama ya Kanda ya Tatu ya Philadelphia kufanya hivyo mwaka 2011, Bodi haikuweza kuendelea kama zamani. Tarehe 7 Februari 2014, wiki tatu tu baada ya uamuzi ule wenye neno mwendawazimu, ilitoa maamuzi mawili ikiacha neno "kuonekana" na kusema kinachotakiwa ni kundi kutambulika kuwa tofauti machoni pa jamii yake, si lazima mtu amtambue mwenzake kwa kumtazama barabarani. Wako wanaosema ni jina tu lililobadilika. Mimi naona badiliko ni la kweli ingawa ni dogo kuliko lilivyotangazwa, kwa sababu sasa mawakili huleta ushahidi wa namna jamii inavyozungumza na kutenda: sheria, magazeti, methali, majina ya kubandikwa.

Tahadhari moja kuhusu maamuzi utakayoonyeshwa. Mengi ya maamuzi ya Richmond hutolewa bila kuchapishwa kuwa mwongozo. Ni mafupi, yanamaliza ugomvi wa wahusika, na hayafungi jopo lijalo. Ukimsikia mtu akisema "kuna kesi kama yenu iliyoshinda", mwombe wakili aangalie kwanza kama uamuzi huo ulichapishwa. Kisha aangalie kama umetoka Kanda ya Nne. Cha tatu, aangalie kama ulishinda kwa sheria au kwa ukweli wa mtu yule peke yake. Wengi huja na karatasi iliyochapwa kutoka mtandaoni, kumbe ni ya California.

Na mkishinda, fahamuni mtakachoshinda. Majaji wa Richmond kwa kawaida hawatampa kaka yako hifadhi. Watatengua uamuzi wa Bodi, waeleze kosa liko wapi, na kuirudishia Bodi ilitazame upya jambo lake kwa kipimo sahihi; Bodi nayo huenda ikalirudisha hadi kwa jaji wa Baltimore. Safari hiyo yaweza kuchukua miezi mingi, mara nyingine miaka, na mwisho wake haujaandikwa. Lakini atarudi akiwa na uamuzi wa mahakama mkononi ambao jaji wa uhamiaji hana ruhusa ya kuupuuza, na kama zuio limepatikana, atakuwa akisubiri akiwa hapo Maryland pamoja nanyi. Mkishindwa, zipo siku za kuomba jopo lifikirie upya, na siku 90 za kuiomba Mahakama ya Juu, ingawa nimekwisha kukueleza mlango huo ulivyo mwembamba.

Jioni ya leo, basi, mkiisha kuzungumza na wakili habari za tarehe, mwombeni nakala ya mwenendo wa shauri la Baltimore pamoja na hoja zilizopelekwa kwa Bodi. Kaka yako na asome kila ukurasa aliosema yeye, kwa Kiswahili alichokitumia na kwa Kiingereza kilichoandikwa, aweke alama palipotofautiana. Pale ambapo alama yake itakutana na jambo ambalo jaji aliliegemea kumkatalia, na ambalo lililalamikiwa mbele ya Bodi, wakili atakuwa amepata ukurasa wa kwanza wa hoja zake.